Mama Aliuliza Mbona Hatujawasha

Jumatatu, mwezi wa kumi na moja.

Mawingu yamekaa juu ya ziwa tangu kulipokucha. Hayanyeshi, hayaondoki. Yamekaa tu, kama mgeni aliyeshiba asiyejua aage vipi. Na mimi nimekaa hapa kibarazani kwangu Nyasho, chai imeshika utando, kalamu naiona nzito kuliko nyundo.

Leo sina majivuno, shajara. Liweke hilo, maana hujawahi kulipata kwangu.

Unanijua, mimi si mtu wa kukosa neno. Hapa Nyasho ukiulizia fundi wa muziki, hata mbuzi wa jirani atakuelekeza kwa pembe. Shule niliiachia darasa la sita. Watu wanasemaga nilishindwa hesabu, lakini ukweli ni kwamba walimu walikuwa wameishiwa. Miaka ile ya ukata, sabuni ikiwa ya kupangia foleni na betri za redio tukizianika juani kama dagaa zipate nguvu kidogo, muziki wa harusi kuanzia Nyakato mpaka Bunda ulikuwa mkononi mwangu. Nilipiga Guta mara moja, pamba ikapasuka shambani kabla ya msimu wake. Nilipiga hapa ufukweni, kiboko akatoka majini, akasimama nyuma ya bibi harusi mpaka wimbo ukaisha, akarudi zake kwa adabu. Mashahidi wapo. Mmoja amekufa na mwingine alihamia Geita, lakini wapo.

Jana mdomo huo wote ulinikauka mbele ya mama yangu mzazi.

Ngoja nianze na milango.

Milango ndilo jina watu walilozipa spika zangu. Si maboksi kama haya yanayoingia siku hizi tangu biashara ifunguliwe, yenye taa za kuwakawaka kama gari la wagonjwa. Zangu ni bapa, ndefu kumzidi mtu, nyembamba kama mlango wa choo. Aliziunda kwa mkono wake Mzungu mmoja wa mradi wa maji aliyekaaga hapa Musoma. Ndani hamna ile karatasi ya duara ya spika za kawaida. Kuna nailoni nyembamba, imewambwa kwenye fremu kama ngozi ya ngoma, juu yake zimegandishwa nyaya nyembamba, na nyuma yake zimepangwa sumaku. Umeme ukipita kwenye zile nyaya, nailoni nzima inasogea, mbele na nyuma, inapiga hewa. Ukiitazama unaona kama haifanyi kitu. Fumba macho sasa. Mwimbaji yumo chumbani, unamsikia mpaka akimeza mate.

Mzungu alipoondoka, mafuta hakuna na mradi umelala, aliniachia milango minne. Watu wanauliza kwa nini mimi. Kwa sababu nilimtengenezea redio yake tukiwa ndani ya mtumbwi, mawimbi yanapiga, na bisibisi yangu ilikuwa kijiko. Miwili nikafanyia kazi. Miwili nikaipa kanisa letu kule Nyakato kwa ajili ya kwaya. Hiyo ya kanisa nitairudia, maana ndiko nilikochinjiwa.

Milango ina ugonjwa mmoja, nao ni besi.

Sauti nyembamba inaitoa bila jasho. Lakini besi inataka nailoni iende mbali, mbele sana na nyuma sana, na ukiongeza sauti inakwenda mpaka inagonga sumaku. Hapo inakoroma. Khrrr, khrrr, kama mzee aliyelalia mgongo. Kwenye harusi sikuwaga najali. Nilikuwa napunguza besi, naongeza mdomo.

Mama hana haja na sauti nyembamba.

Yuko Butiama, na dada yangu Nyangeta ndiye anakaa naye. Masikio yake yamekuwa yakifunga duka kidogo kidogo. Kwanza ndege walinyamaza. Halafu watoto. Halafu sisi wote. Ukimsemesha anatazama midomo yako, anacheka mahali pasipo na kichekesho, kisha anaona umeshangaa, anaacha. Siku hizi kwenye mkusanyiko anageuzaga kiti, anaelekea zizini, ili watu wasijisumbue. Kilichobaki kwake ni vitu vizito. Radi. Lori la pamba likipanda kilima. Ng'ombe wakikimbia. Hivyo anavisikia, na anasema anavisikia kifuani.

Na Baba alikuwa mtu wa vitu vizito. Alipigaga litungu, lile kubwa la nyuzi za mishipa ya ng'ombe, linalonguruma chini kabisa, na yeye mwenyewe akiimba huko huko chini. Sauti hiyo mimi sikurithi. Nilirithi masikio yake makubwa, na hii yangu nyembamba ya kuuzia dagaa. Alipokufa, litungu lililiwa na mchwa. Ilibaki kaseti moja, ambayo Mzungu yule yule aliirekodi pale uwanjani kwetu. Upande mmoja ni Baba. Upande wa pili ni Mzungu anajifunza Kiswahili: huyu ni kuku, yule ni kuku, wale ni kuku.

Tangu tumzike Baba, Mama hakuwahi kumsikia tena. Isipokuwa mara moja.

Pasaka iliyopita nilipeleka milango yangu miwili Butiama, nikaiendesha kwa betri ya gari maana umeme haufiki kwa Nyangeta. Nikaweka kaseti, nikafungulia besi yote. Milango ikakoroma mpaka kuku wakapanda juu ya ghala. Binamu yangu Mafuru alikuwa ametoka Bunda, mtoto wa shangazi yetu, na yule kwa utani hana dini. Akapaza sauti, "Binamu, huyo mzee anaimba au anapasua mbao?"

Uwanja mzima ukacheka. Mimi aibu ikanishika, nikazima.

Lakini Mama alikuwa amegeuza kiti. Amegeuka mwenyewe, bila kuitwa. Kiganja kiko kifuani. Akasema kwa ile sauti kubwa ya watu wasiojisikia, "Ni yeye. Anatembea humu ndani." Halafu akanitazama. "Mbona amesimama?"

Nikashindwa kuwasha tena mbele ya Mafuru. Badala yake nikafanya kile ninachokijua. Nikasimama, nikatangaza kwamba nitarudi na kumleta Baba bila mkwaruzo hata mmoja, besi ya kutikisa maharage chunguni, na mwenye kutaka kucheka aje na meno ya akiba. Nyangeta akamweleza Mama kwa mikono kwamba nitarudi. Tangu siku hiyo kila gari likipanda kilima, Mama anauliza kama ni mimi.

Tangu Pasaka, shajara. Na huu ni mwezi wa kumi na moja.

Dawa niliipata barabarani, wala si kwenye kitabu. Nilikuwa natoka Bunda, nikaona mtu analima na ng'ombe wawili. Udongo mgumu, ng'ombe ulimi nje, plau inaruka ruka, mfuo umepinda kama njia ya mlevi. Jirani yake kafunga wanne. Plau ya aina ile ile, udongo ule ule, lakini wanne wanakwenda kama wanaingia kanisani, mfuo umenyooka. Nikajipiga paja. Milango minne! Besi ile ile ukiigawa kwa minne badala ya miwili, kila nailoni itasogea kidogo tu. Haitafika kwenye sumaku. Haitakoroma. Hakuna aliyenifundisha. Nadhani hata huko Ulaya wakinisikia wataniiga.

Nikaenda Nyakato kuazima milango ya kanisa. Nikaikuta imegeuzwa kiambaza, wanakwaya wanabadilishia majoho nyuma yake. Tena akina mama wa usafi walikuwa wamepata rangi nyeupe, siku hizi rangi imejaa madukani hata ya kuchezea, wakaipaka milango fremu nzima, mbele na nyuma, pamoja na pale panapofungwa waya.

Hapo ndipo palipo na neno. Kila mlango una misumari miwili ya kufungia waya, na mmoja una alama nyekundu. Alama hiyo ndiyo inayosema nailoni ianzie kwenda upande gani, mbele au nyuma. Ya kanisa ilikuwa imezikwa chini ya rangi.

"Irudi na weupe wake, fundi," akaniambia Mama Wandwi, mwenyekiti wa kwaya. "Ikirudi na doa, Krismasi utasimama safu ya soprano wewe."

Yule Mzungu alinionyesha namna ya kujua bila alama. Unachukua betri moja ya tochi, unagusisha waya kidogo, unatazama nailoni imeruka mbele au nyuma. Yote iruke upande mmoja, basi, umemaliza. Zamani ningesingizia betri hakuna, na kila mtu angeniamini. Sasa betri zimepangwa kwenye maduka ya hapa Nyasho kama matofali. Hata mimi nilikuwa nayo, ndani ya tochi, juu ya meza, nikiiona kabisa. Lakini Masatu alikuwa amesimama mlangoni ananitazama nikifanya kazi. Masatu ni rafiki yangu mwenye pikapu, ndiye angetubeba. Na mimi mbele ya mtu sipimagi kitu.

"Mimi waya naujua kwa kuunusa," nikamwambia.

Nikanusa. Nikafunga.

Juzi Jumamosi umeme ulikuwepo, nikajaribu. Kaseti ya Baba, milango minne, mkoromo hakuna. Safi kama maji ya mtungi. Nikasikia kucha zake zinagusa nyuzi, nikasikia anavuta pumzi kabla ya mstari, nikasikia kuku anapita nyuma yake, kuku ambaye miaka yote sikujua yumo. Masatu akashika kiuno. "Aisee kaka, hii imezidi." Majirani wakasimama uani. Masikio yangu yalikuwa yanausaka mkoromo tu, na yalipokuta haupo yakaanza kusherehekea.

Hayakuuliza kingine.

Jana tukaondoka baada ya ibada. Pikapu ya Masatu inabebaga sangara, kwa hiyo tulinukia kiwanda kizima. Milango minne imesimama nyuma imefungwa kamba, ungedhani tumebeba nyumba iliyosahau paa. Njiani watu wananipungia, wengine wanauliza nahamia wapi. Mimi nimetoa kiwiko dirishani kama mkuu wa mkoa.

Butiama walikuwa wamejaa. Mafuru ametoka Bunda makusudi, amekaa mbele. Shangazi yupo. Na Mama amevaa gauni la Pasaka na kitambaa kipya kichwani. Nyangeta akaniambia kiherehere cha furaha kilimwamsha kabla ya jogoo, akaoga, akajipaka mafuta, akakataa uji. Kiti chake alikuwa amekibeba mwenyewe, akakiweka karibu na mahali tulipofunga milango Pasaka. Hakikuelekea zizini.

Nikapanga milango, miwili miwili, bega kwa bega. Nikaunganisha betri ya gari. Halafu nikahutubia. Ndiyo, nilihutubia. Nikawaeleza ng'ombe wanne, nikawaeleza Ulaya, nikawaeleza kiboko. Mama ananitazama mdomo, anangoja ufungwe.

Nikawasha.

Shajara, uwanja ulikufa kimya. Hata watoto. Baba akavuta pumzi, watu wakaisikia. Kucha zikagusa uzi mmoja mmoja. Shangazi, dada yake Baba, akaziba uso kwa khanga. Mafuru akainuka, akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Binamu, nimeshindwa," akasema. "Leo umemfufua mjomba wangu."

Nikaona nimemaliza kazi. Nikageuka kumtazama Mama nipokee changu.

Mama alikuwa anatazama milango. Kiganja kiko kifuani, shingo imesogea mbele kidogo. Uso wake ulikuwa uso wa mtu anayengoja. Baada ya muda akamwinamia Nyangeta. Alidhani ananong'ona, lakini uwanja mzima ulisikia.

"Mbona hawajawasha?"

Nikaongeza sauti. Kucha, pumzi, kuku. Nikaongeza tena mpaka mwisho. Safi, safi, hakuna kinachokoroma. Mama akahamisha kiganja, akakiweka shingoni. Akakiweka kwenye mkono wa kiti. Akavua kiatu kimoja, akaweka unyayo chini kwenye udongo, akatulia hivyo.

Halafu akatazama watu. Akamwona shangazi analia. Akamwona Mafuru kanishika mkono. Akapita uso mmoja mmoja, polepole, na mimi namfuata kwa macho, mpaka nikaona anaelewa kwamba imewashwa, na imewashwa muda mrefu.

"Basi," akasema. "Na hiki nacho kimekwenda."

Akavaa kiatu. Akainuka, akageuza kiti.

Mafuru aliacha mkono wangu. Safari hii hakuwa na utani. "Binamu, si Pasaka alisikia?"

Na hapa ndipo pananichoma. Ningeweza kusema sijui. Ni neno fupi, watoto wanalijua. Lakini watu walikuwa wananitazama, na dakika ile ile walikuwa wamenisifu, na sifa ikishaniingia mwilini haitoki bila vita.

"Mtambo hauna kosa," nikasema. "Ni masikio ya Mama. Yamekwisha."

Watu wakatikisa vichwa. Wakaanza kunipa pole. Mimi! Wakanishika bega, wakasema nimefanya sehemu yangu kama mtoto, mengine ni ya Mungu. Nikazipokea pole zote. Nyangeta peke yake hakunipa. Alinivuta pembeni ya jiko.

"Kaka, una hakika?"

"Nina hakika kama nina pua."

"Wiki hii alisikia lori," akasema. "Aliniambia kabla halijatokeza."

Nikamwambia ni mazoea. Masatu akapiga honi, samaki wanamngoja. Tukafunga milango. Mama sikumuaga vizuri, maana kumuaga ningepaswa kuzunguka upande wa zizi, nimwone uso.

Leo asubuhi Masatu amepita kuniaga, anapeleka mzigo Mwanza, hajui atarudi lini, eti siku hizi viwanda vinanunua na yeye hawezi kulala. Umeme ukarudi. Nikasema nijifariji, niweke kaseti, nimsikilize Baba peke yangu. Nikaweka bilauri ya maji juu ya meza, nikakaa.

Baba anapiga. Mimi natazama bilauri.

Zamani, na milango miwili tu, bilauri ilikuwaga inatembea. Ilikoroma milango, lakini bilauri ilitembea mpaka ukingoni, lazima uishike. Leo minne, sauti juu, maji yametulia kama yako kisimani.

Nilikaa nikiyatazama hayo maji mpaka upande wa Baba ukaisha.

Kisha nikafungua tochi, nikatoa betri. Nikagusisha kwenye mlango wangu wa kwanza. Nailoni ikaruka mbele. Wa pili, mbele. Nikaenda kwa mlango wa kanisa. Nyuma. Nikarudia nikidhani jicho limenidanganya. Nyuma. Na mwenzake, nyuma.

Milango yangu ikisukuma hewa, ya kanisa ilikuwa inaivuta. Ng'ombe wawili wanakwenda ziwani, wawili wanakwenda Bunda, plau imesimama katikati, na mimi nimesimama pembeni naisifu jinsi isivyoruka. Mkoromo uliondoka kwa sababu besi yenyewe ilikuwa imeondoka. Zilibaki zile sauti nyembamba, ambazo hazijali sana milango imefungwa vipi. Kucha, pumzi, kuku. Kila kitu ambacho Mama hawezi kusikia nilimpelekea mbele yake, kimesafishwa. Na kile kimoja alichobakiwa nacho nilikiondoa kwa mikono yangu, nikakiita ufundi.

Nikageuza nyaya za kanisa. Kazi ya kukuna kichwa tu, haizidi hapo. Nikarudisha kaseti mwanzo.

Bilauri ilitembea. Siongezi chumvi, shajara, leo sina chumvi. Ilitembea hatua kwa hatua, mabati yakaguna, na jirani akapaza sauti kutoka upande wa pili wa ukuta, "Fundi! Sufuria zangu zinashuka zenyewe!" Na mkoromo haukuwepo. Milango minne inavuta pamoja, kila mmoja unasogea kidogo tu, na chini yake Baba anatembea. Nikaweka kiganja kifuani kama nilivyomwona Mama. Yumo kweli. Unamhesabu kisigino na vidole.

Kwa hiyo wazo langu lilikuwa sahihi. Maisha yangu yote nimedai nina akili, na siku nilipokuwa nayo kweli nilikuwa peke yangu chumbani na sufuria za jirani.

Sasa nifanye nini?

Pikapu iko njiani kwenda Mwanza. Nimekwenda stendi, nikamweleza kondakta wa basi la Butiama. Akacheka, akasema yeye anabeba kuku, mbuzi, hata jeneza akibembelezwa, ila milango ya kumzidi mtu akapange na fundi seremala. Nikaenda kwa wenye magari wengine wawili ninaowafahamu. Wote wako kwenye samaki. Enzi za ukata magari yalikuwepo yamelala, mafuta hakuna. Leo mafuta yapo, gari hazishikiki. Na Mama Wandwi ametuma mtu: wanakwaya wanabadilisha nguo nyuma ya shuka, milango irudi wiki hii.

Nikasema basi niende mimi mwenyewe kesho, bila kitu, nikaseme. Kusema si ndiyo kazi yangu?

Nikakaa hapa kibarazani kupanga maneno. Mafuru nitamwambia, na atacheka mpaka mvua ya masika, na acheke. Shangazi nitamwambia. Wote walionipa pole nitawarudishia pole zao, mmoja mmoja. Hilo linaniuma lakini mdomo unaliweza.

Mama je?

Mama hasikii maneno. Kusoma hakujifunza. Nimejaribu hapa kwa mikono, peke yangu, watu wanapita wananiona kichaa. Unaonyesha sikio, unatikisa kidole, hapana. Unajionyesha mwenyewe kifuani, ni mimi. Nikajitazama vile ninavyofanya, nikaona atakachokielewa: atadhani namwambia na mimi nimekuwa kiziwi. Atanionea huruma. Atanipapasa kichwa.

Nyangeta anajua kumweleza njaa, mgeni, nitarudi, amekufa. Je, kuna mkono wa kusema waya? Kuna mkono wa kusema hukukosa wewe, nilikosa mimi?

Mdomo huu umesikika mpaka Guta. Haufiki kwenye kiti kilichogeuzwa kuelekea zizi.

Nimewaza litungu, kwamba labda kuna mzee bado analo huko ndani, nimwombe. Nimewaza kumshika mkono niuweke kifuani kwangu, niimbe mimi. Nikajaribu kushuka chini kama Baba. Ilitoka sauti ya mtu aliyekabwa na mwiba wa sato. Nikaacha.

Kitu kinachonitesa si kwamba hakumsikia Baba. Baba atamsikia, pikapu ikirudi nitakwenda hata kama Mama Wandwi atanisimamisha soprano mwaka mzima. Kinachonitesa ni leo. Leo hii amekaa pale akiamini mlango wa mwisho umefungwa. Lori likipita, huenda hatalisikiliza tena, maana mtu hasikilizi kitu alichoambiwa hana. Na aliyemwambia ni machozi ya watu niliowapigia muziki, pamoja na mimi mwanawe niliyepokea pole.

Saa hizi upepo umeanza kutoka ziwani. Yale mawingu yameamua, yanasogea bara, yanaelekea kule kule upande wa Butiama, meusi chini kama chungu. Siku nyingine ningeyalaani. Nailoni ikilowa imekufa, na barabara ikilowa Masatu hapandi kile kilima.

Leo nimesimama uani, nimevua kofia.

Kesho nitapanda basi, mikono mitupu, nikajaribu hiyo mikono. Lakini kabla ya kesho, naomba kitu kimoja ambacho siwezi kukitengeneza. Radi ingurume. Huko kwao, juu ya bati la Nyangeta, chini kabisa, mara moja tu. Mama ainue kiganja, akiweke kifuani, ajue.